Mwanangu haoni kijani wala nyekundu, na kwetu hakuna mwenye hali hiyo. Imetoka wapi?

#1 MamaKalamu

Wakuu, habari za humu.

Niende moja kwa moja. Nina mtoto wa kiume, ana miaka 7. Mwezi uliopita alichora mti, shina akalipaka kijani, majani akayapaka kahawia. Nikacheka, nikajua ni utundu. Kesho yake akachora mwingine, vilevile. Nikamwekea kalamu mbili mezani, ya kijani na ya kahawia, nikamwambia, "Nipe ya kijani." Akaziangalia, akaniangalia mimi usoni, halafu akaanza kuzizungusha zile kalamu akitafuta maandishi ubavuni. Hapo ndipo nilipoishiwa nguvu.

Tukaenda kwa daktari wa macho. Akatoa kile kitabu cha madoadoa ya rangi yenye namba katikati. Ukurasa wa kwanza ni 12, kasoma bila shida. Wa pili mimi naiona 8 kabisa, mwanangu kasema 3, tena kwa kujiamini kuliko mimi. Mbele kuna 74, yeye akasema 21. Daktari akafunga kitabu: upofu wa rangi wa nyekundu na kijani, kazaliwa nao, hauongezeki wala haupungui.

Shida imeanzia nyumbani. Mume wangu anaona rangi zote. Mimi naona. Baba yangu anaona, mama anaona. Kaka zangu wawili wamepimwa kwa kitabu hichohicho, wamesoma namba zote. Ukweni nako hakuna. Wifi yangu kashaanza maneno ya chini kwa chini, "kitu hicho kwetu hakipo." Mume hasemi neno, ila namwona anawaza. Daktari alituambia ni ya kurithi, na nje kulikuwa na foleni, sikupata nafasi ya kuuliza zaidi.

Sasa karithi kwa nani, ikiwa hakuna mwenye nayo?

#2 Kiti_cha_Mbele

Nimekaa hapa. Ngoja waje wanaojua.

#3 JembeHalilimi

Dada, baba haoni shida, babu haoni shida, wajomba hawaoni shida, mtoto kaitoa wapi? Mimi sisemi kitu. Ila kipimo cha DNA kipo.

#4 Chaki_Nyeupe

JembeHalilimi, punguza mwendo kijana, utavunja nyumba ya watu kwa kitu usichokijua. Nimefundisha biolojia miaka 31, nimestaafu, na hili somo kila mwaka lilikuwa linaniletea mwanafunzi mmoja anayebaki darasani baada ya kengele kuniuliza jambo la kwao.

MamaKalamu, mwanangu, sikiliza.

Ndani ya seli zetu kuna kromosomu 46, yaani nyuzi zilizobeba jeni, maagizo ya kuujenga mwili, zimepangwa jozi 23. Nusu zimetoka kwa mama, nusu kwa baba. Jozi 22 hazijali wewe ni nani. Ya 23 ndiyo ya jinsia: mwanamke ana X mbili, mwanaume ana X moja na Y moja. Hizi mbili msidhani ni pacha. X ni ndefu, imebeba mamia ya jeni za mambo mengi ambayo hayahusiani kabisa na kuwa wa kiume au wa kike. Y ni kajikipande tu.

Nyuma ya jicho tuna seli zinazoitwa koni, za aina tatu, kila aina inapokea mwanga wa namna yake. Jeni za koni mbili kati ya hizo, za nyekundu na za kijani, zimekaa kwenye X, karibu na ncha yake. Zimekaa jirani na zinafanana mno, kwa hiyo wakati yai linatengenezwa na zile X mbili za mama zinabadilishana vipande, ni rahisi kukosea mstari: upande mmoja ukapata ziada, mwingine ukapungukiwa au ukapata jeni iliyounganishwa vibaya. Ndiyo maana hitilafu hii ni ya kawaida sana kuliko nyingine nyingi.

Mwanamke mwenye X moja yenye hitilafu ana ile ya pili ya kumsitiri. Anaona rangi vizuri na hajui kama amebeba kitu. Huyo tunamwita mbebaji. Mwanaume hana akiba. X aliyopewa ndiyo hiyohiyo, na Y haina jeni hizo kabisa.

Sasa jiulizeni: mtoto wa kiume X yake kapewa na nani? Na mama yake. Baba alimpa Y, la sivyo asingekuwa wa kiume. Kwa hiyo mume wa MamaKalamu awe anaona rangi, awe haoni, kwa mtoto huyu haibadilishi kitu. Wifi yuko sahihi, kwao hakipo, na hata kingekuwepo kisingemfikia huyu mtoto. Macho ya baba hayawezi kuwa ushahidi wa lolote hapa, JembeHalilimi, si wa kumtetea mama wala wa kumshtaki.

Darasani nilikuwa nawaambia waache kwanza chati, watumie majina ya ukoo. Mvulana asiyeona rangi, usimtafutie kwa baba mkubwa, wala baba mdogo, wala babu mzaa baba. Mtafutie kwa mjomba. Kwa babu mzaa mama. Kwa watoto wa kiume wa mama mkubwa na mama mdogo. Kwa mjomba wa mama yake. Kuna lugha zina neno moja tu kwa kaka wa baba na kaka wa mama, wakifika kwenye somo hili lazima wachore mishale. Sisi tukisema "kafuata ujombani" tumemaliza.

Baba yako anaona, kwa hiyo si yeye aliyekupa. Inabaki mama yako. Kaka zako kuona vizuri hakumwondoi mama yako kwenye hesabu, maana mama mbebaji kila anapozaa mtoto wa kiume ni kama anarusha sarafu: nusu atampa X nzima, nusu ile nyingine. Wawili wote kupona ni jambo la kawaida, ni robo ya nafasi. Mama yako ana kaka? Au alikuwa naye? Muulize.

#5 JembeHalilimi

Mwalimu nimekuelewa, dada naomba radhi, nafuta kauli.

Ila swali. Mbona huwa tunasikia hii kitu inaruka kizazi?

#6 Nyaya_Tatu

Nimekuwa msomaji tu humu muda mrefu, leo acha niandike.

Mimi mwenyewe ndiye. Taa ya chaja ikiwaka siwezi kukuambia kama simu imejaa au bado, mpaka nishike simu. Nilianza kujifunza ufundi umeme nikiwa kijana, nikaacha mwenyewe kabla sijaua mtu, maana waya wa kijani na wa kahawia kwangu ni ndugu wa tumbo moja. Watu wakijua wanakuuliza, "hili shati ni rangi gani?" halafu wanacheka. Kila mtu anauliza hivyo, kila mtu anadhani ni wa kwanza.

Na kuna jambo hamjui: lugha yetu inatuficha. Kijani, jina lenyewe linakutajia majani. Kijivu, jivu. Kahawia, chungwa, zambarau, nusu ya rangi zimebeba jina la kitu chake. Mimi utoto mzima nilijibu vizuri darasani, "majani ni ya kijani," kwa kusikia, si kwa kuona. Nimegundulika nina miaka 19. Dada yangu MamaKalamu, umemgundua wako na miaka 7, umemwahi.

Sasa lililonileta. Nina mtoto wa kiume, ana miaka 11. Anaona kila kitu. Nilimpa simu nikamfungulia zile namba, kasoma zote. Miaka hii yote nimekaa na dukuduku: kama mimi sioni, mbona yeye anaona? Sijawahi kumwambia mtu. Mama yake sijamuuliza. Nimekaa nalo tu.

#7 Chaki_Nyeupe

Nyaya_Tatu, ndugu yangu.

Rudi usome nilichoandika juu, mahali nilipomsema baba. Wewe una X moja, na ina hitilafu. Mwanao hukumpa hiyo X. Ulimpa Y. X yake yote ni ya mama yake, na mama yake inaonekana alimpa iliyo nzima. Baba asiyeona rangi na mke asiye mbebaji, watoto wao wote wa kiume wanaona. Wote. Kijana wako kuona rangi ni kitu ambacho kitabu kilikitegemea tangu mwanzo.

Una binti?

#8 Nyaya_Tatu

Ninao wawili.

#9 Chaki_Nyeupe

Basi hao ndio waliobeba. Binti wa baba asiyeona rangi lazima ni mbebaji, hapa hakuna sarafu, maana X ya kumpa unayo moja tu. Wenyewe wataona vizuri, labda mama yao naye awe mbebaji. Siku wakizaa, kila mtoto wa kiume watakayemzaa ana nusu ya nafasi ya kuwa kama wewe. Babu haoni, binti anaona, mjukuu haoni. Hapo JembeHalilimi umepata jibu lako. Hairuki kizazi. Imepita katikati ya kizazi, ndani ya binti, imefunikwa.

#10 Nyaya_Tatu

Nimesoma mara tatu. Dogo kalala hapa pembeni, mdomo wazi.

Asante mwalimu. Sina zaidi.

#11 Kiti_cha_Mbele

Aisee. Nilikuja kukaa tu, nimejikuta nafuta macho.

#12 BintiWaTano

Wanaume mmetawala uzi, na mitaani watu wanasema wanawake hatupati. Tunapata. Mimi ni mwanamke na nyekundu na kijani sizitofautishi.

Baba yangu alikuwa haoni. Mjomba wangu, kaka wa mama, naye haoni. Bahati mbaya ikanikutia katikati: kwa baba nikapokea X yake moja aliyonayo, kwa mama nikaangukia ile mbovu. Dada zangu wamepona macho, ila kwa maelezo ya mwalimu wote ni wabebaji.

Nina watoto watatu wa kiume. Wote watatu hawaoni. Wakwe walikuwa wanasema nimezidi, watatu wote! Hakuna cha kuzidi. Mimi sina X nzima ya kutoa. Ningezaa kumi wa kiume, wangekuwa kumi.

#13 Hesabu_Kidogo

Kuna namba hazinikai. Nimesoma kwamba kwa watu wa asili ya Ulaya ya kaskazini ni kama mwanaume 1 kati ya 12, na mwanamke 1 kati ya 200. Maeneo mengine ya dunia kiwango huwa chini ya hapo. Sawa. Mwanamke anahitaji X mbili zenye hitilafu, kwa hiyo 1/12 mara 1/12 ni 1 kati ya 144. Mbona wao wanahesabu 200? Wanawake wengine wameenda wapi?

#14 Chaki_Nyeupe

Swali zuri sana, na miaka 31 nimeulizwa mara mbili tu.

Upofu huu si mmoja. Kuna wanaokosa upande wa koni nyekundu, na kuna wanaokosa upande wa kijani, ambao ndio wengi zaidi. Mwanamke akirithi X moja yenye kasoro ya nyekundu na nyingine yenye kasoro ya kijani, kila moja inaleta kile ambacho mwenzake hana. Anaona rangi vizuri! Hao ndio unaowatafuta.

Ila watoto wake wa kiume hawaponi hata mmoja. Mmoja atakosa nyekundu, mwenzake kijani, mama yao anaona vyote viwili na anashangaa. Ukiona nyumba ya namna hiyo usiharakishe kusema kitu.

#15 Subira_Kidogo

Shikamoo mwalimu. Nami nina langu. Babu yangu mzaa mama alikuwa haoni rangi. Baba yangu anaona. Nina watoto wawili wa kiume, wote wanaona sawasawa. Nina mimba. Nimekuwa najiambia nimeshavuka, wawili wamepona, basi mimi si mbebaji. Ni kweli?

#16 Hesabu_Kidogo

Mwalimu niachie hii.

Dada, mama yako ni mbebaji kwa lazima, babu hakuwa na X nyingine ya kumpa. Wewe kabla hujazaa ulikuwa nusu kwa nusu. Sasa chukua wanawake 8 wenye historia kama yako, kila mmoja na wavulana wawili. Wanne si wabebaji, wavulana wao wote wanaona. Wanne ni wabebaji, na kati yao mmoja tu ndiye wa kutarajiwa kupata wavulana wawili wote wanaoona, maana ni nusu ya nusu. Wenye wavulana wawili wanaoona wako watano, na mbebaji ni mmoja kati ya hao watano.

Kwa hiyo umeshuka kutoka 1/2 hadi 1/5. Hujafika sifuri. Huyo wa tumboni akiwa wa kiume nafasi yake ni 1/10. Akiwa wa kike ataona, baba yake akiwa anaona.

#17 Chaki_Nyeupe

Marahaba Subira. Hesabu_Kidogo, hapo sina la kuongeza. Ningekupa vema kwa wino mwekundu, ingawa Nyaya_Tatu asingeuona.

#18 Nyaya_Tatu

😂😂 Mwalimu naye!

(Nauona wino, jamani. Naona wino. Sijui tu kama ni mwekundu.)

#19 Kabati_la_Kale

Mnaopenda historia: mmoja wa watu wa kwanza kuieleza hali hii kisomi alikuwa anajieleza mwenyewe. John Dalton, mkemia wa Uingereza, yuleyule wa nadharia ya atomu. Mwaka 1794 alisoma andiko lake mbele ya wasomi wa Manchester kuhusu namna anavyoona rangi, na akataja kwamba kaka yake anaona kama yeye. Yeye alidhani maji yaliyo ndani ya jicho lake yana rangi ya buluu, yanachuja mwanga. Akaagiza kwamba akifa macho yafunguliwe. Akafa 1844, daktari wake akafungua, maji ni meupe pe. Mabaki ya macho yakahifadhiwa, na mwaka 1995 wanasayansi wakayapima DNA: alikosa ile jeni ya kijani. Mtu kajibiwa swali lake baada ya miaka 151.

Angalieni pia, yeye na kaka yake. Ndugu wa mama mmoja. Kila kitu kilikuwa mezani, hakuna aliyekijua.

Mwaka 1876 daktari wa macho wa Uswisi, Johann Friedrich Horner, alieleza njia inavyopita: baba asiyeona, binti anayeona, mjukuu asiyeona. Hakujua kwa nini, kromosomu za jinsia zilikuwa bado. Mwaka 1910 Thomas Hunt Morgan, kule Marekani, alipata nzi dume mwenye macho meupe, na kwa nzi huyo ikaonekana kwamba jeni inaweza kukaa juu ya X. Mwaka uliofuata Edmund Wilson akaunganisha mambo: upofu wa rangi wa binadamu nao uko kwenye X. Ikawa jeni ya kwanza ya binadamu kujulikana inakaa kromosomu gani.

#20 Zamu_ya_Usiku

Mimi ni muuguzi. Nasoma hapa katikati ya zamu. Tusiishie kwenye rangi, njia ya ujombani inapitisha mengine mazito zaidi.

Hemofilia, damu kutoganda. Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa mbebaji. Mwanawe Leopold aliteleza, akagonga kichwa, akafa mwaka 1884. Binti wa Victoria, Alice, akaibeba, akamzaa Alexandra aliyeolewa na mfalme wa Urusi, akazaliwa Alexei mwenye ugonjwa. Mifupa ya familia hiyo ilipopimwa, matokeo ya 2009 yakaonyesha ni hemofilia B. Lakini Edward wa Saba, mwana wa Victoria, alipona, na kwa kuwa alipona hakuwa na kitu cha kuwarithisha wanawe wala binti zake. Ukoo ukasafishika pale. Ndiyo tofauti ya mwanaume na mwanamke kwenye hili: mwanaume akipona amepona kweli, hakuna kujificha.

Duchenne nayo, ile ya misuli ya watoto wa kiume kudhoofika, njia ni hiyohiyo. Ila hapo kama theluthi moja ya kesi ni mabadiliko mapya, mama si mbebaji kabisa. Msimlaumu mama kabla ya kipimo.

Na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda seli nyekundu za damu. Huu watu wengi wanao bila kujua, hasa asili za maeneo ya malaria. Mwenye upungufu akipewa baadhi ya dawa, primakwini ya malaria mojawapo, seli nyekundu za damu zinapasuka. Wanawake wengine nao hupata. Ikiwa mjomba aliwahi kugeuka manjano baada ya kunywa dawa, mwambie anayekuandikia dawa. Hilo ni la maana kuliko rangi za kalamu.

#21 JembeHalilimi

Umesema wanawake wengine nao hupata. Si umesema wana akiba? Akiba inaenda wapi?

#22 Zamu_ya_Usiku

Akiba haifanyi kazi kila mahali. Mwanasayansi Mary Lyon alilieleza hilo mwaka 1961: mapema sana, mimba ikiwa changa, kila seli ya mwanamke inazima X moja kati ya mbili, kwa bahati nasibu, na vizazi vyote vya seli hiyo vinafuata. Mwili wa mwanamke ni kama kitambaa cha viraka, hapa inafanya kazi X ya baba, pale ya mama. Kwa kawaida viraka vinatosha kumsitiri. Mara chache upande mzima unazimika zaidi na dalili zinatokea.

Ukitaka kuona kwa macho, mtazame paka mwenye mabaka meusi na ya chungwa. Karibu wote ni majike. Jeni ya rangi hiyo iko kwenye X, kila baka ni X iliyobaki macho.

#23 Kiti_cha_Mbele

Nina paka wa hivyo, jina nimempa Juma. Leo nimemwomba msamaha.

#24 Asiyejulikana_88

Samahani nimechelewa. Mimi binti yangu ndiye ameshindwa zile namba. Mimi baba naona vizuri kabisa. Kwa maelezo ya humu binti anahitaji X ya baba iwe mbovu, na yangu si mbovu. Kwa hiyo hapa mwalimu hata wewe huwezi kunituliza.

#25 Chaki_Nyeupe

Sitakutuliza, nitakuuliza. Alipimwa wapi?

#26 Asiyejulikana_88

Kwenye simu yangu.

#27 Chaki_Nyeupe

Ndiyo nilivyodhani. Simu yenye mwanga uliopunguzwa, labda na ule mpangilio wa usiku unaotia umanjano, na mtoto aliyechoka. Kile kitabu kiliandaliwa na Shinobu Ishihara wa Japani mwaka 1917 kisomwe kwenye karatasi, kwa mwanga mzuri, na mpimaji anayejua. Skrini inachezea rangi, na namba zote zinategemea rangi.

Akipimwa vizuri na bado ameshindwa, kuna mambo mengi kabla ya lile unalowaza. Upofu wa buluu na manjano jeni yake iko kromosomu 7, haujali jinsia. Wapo wasichana wenye X moja tu. Yupo mbebaji aliyezimikiwa X nzima upande mmoja, kama muuguzi alivyosema. Yapo magonjwa ya mshipa wa fahamu wa jicho.

#28 Zamu_ya_Usiku

Na dawa. Ethambuto ya kifua kikuu inaweza kugusa mshipa wa jicho, na rangi huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kupotea. Mtoto aliyekuwa anaona rangi jana na leo haoni apelekwe haraka. Upofu wa kurithi upo tangu kuzaliwa, macho yote mawili sawa. Wa jicho moja, au ulioanza ukubwani, si huu wa ukoo tunaouzungumzia.

#29 Asiyejulikana_88

Mpangilio wa usiku ulikuwa umewashwa kweli. Dah.

Nampeleka Jumatatu. Mkewangu hajui nimeandika hapa, na asijue.

#30 Kipepeo_Mdogo

Na dawa ya huu wa rangi ipo? Kuna miwani zinauzwa, video watu wanalia.

#31 Zamu_ya_Usiku

Miwani hizo zinakata mawimbi fulani ili rangi zitengane zaidi, baadhi ya watu wanasaidika kiasi. Haziongezi koni isiyokuwepo. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani waliingiza jeni iliyokosekana kwenye macho ya kima wakubwa wa aina isiyoona nyekundu, wakaanza kuitofautisha. Kwa binadamu bado haijawa tiba.

#32 MamaKalamu

Wakuu nimerudi.

Nilimpigia mama jana jioni. Nikamuuliza kama alivyosema mwalimu: una kaka ambaye alikuwa hatofautishi rangi? Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema alikuwa naye kaka mkubwa, amefariki zamani, mimi sikuwahi kumwona. Akasema siku moja walikuwa wadogo, babu akamtuma ndoo ya kijani, akaleta ya kahawia. Akarudishwa. Akaenda, akasimama pale zilipo ndoo kwa muda, akarudi na ileile. Akachapwa kwa kiburi. Mama anasema ilitokea mara nyingi, vitu tofauti, na kila mara ilikuwa kiburi. Mpaka anakufa hakuna aliyejua, na mama anasema hata yeye mwenyewe mjomba nadhani hakujua, alijua tu kwamba anakosea.

Alilia kidogo. Kisha akauliza, "Kwa hiyo ni mimi niliyempa mjukuu wangu?" Nikamwambia mama, kuna aliyekupa na wewe, na huyo naye alipewa.

Mume nimemsomesha uzi wote. Alipofika kwa Nyaya_Tatu alirudia mara mbili. Akachukua simu yake akaenda nje kumpigia dada yake, sikumfuata.

Nina binti pia, ana miaka 4. Anaona vizuri, baba yake anaona, kwa hiyo kwake ni sarafu ya kubeba au kutobeba. Hatutampima sasa. Akikua nitamsimulia habari ya kaka wa bibi na ndoo, halafu ataamua mwenyewe.

Leo mchana tumekaa na mwanangu tumeandika majina kwenye kalamu zote kwa herufi kubwa, maana zile za kiwandani zinafutika. Tulipofika kwenye kahawia akaniuliza, "Mama, hii na ile kwako zinatofautiana kweli?" Nikamwambia zinatofautiana. Akaziweka mbili pamoja dirishani, akazitazama sana, akasema, "Basi niambie zinatofautianaje."

Nimejaribu. Nimeshindwa. Nyaya_Tatu, wewe ulikuwa unaambiwaje?

#33 Nyaya_Tatu

Hakuna aliyewahi kufaulu dada. Mwambie za kahawia wewe unaziona zina ukavu, kama kitu kilichokaa juani, na za kijani zina umajimaji. Si kweli, ila mimi dada yangu aliniambia hivyo na nimeitumia mpaka leo.